Mwalimu na Kuba la Migongo Saba

Mwalimu alikuwa hawezi kula chapati kabla hajaikunja. Aliichana kwa kidole kutoka ukingoni mpaka katikati, akapandisha upande mmoja juu ya mwingine hadi ikasimama kama kofia, akaiinua mbele ya uso na kuizungusha polepole, jicho moja amelifumba. Chai inapoa. Dada yake mkubwa, mjane aliyempikia tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi, alikuwa anasonya mpaka jirani anasikia.

"We kula, bwana. Chakula haiko somo."

"Ukipandisha kidogo, inalala. Ukipandisha mingi, inasimama," anajibu, wala hakasiriki.

"Basi kula, isimame tumboni."

Nitasema mapema kwamba ninaandika nikiwa na hasira, ili msomaji asidhani nina ubaya na mzee wa watu. Hasira hiyo ni yangu juu yangu mwenyewe. Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, waulizwe watu wa mtaa wa Waswahili kule Gitega, watakueleza na ziada. Mimi nilimjua kama mwalimu wangu wa hesabu, na baadaye kama mzee aliyetaka kitu kimoja tu kabla macho yake hayajafa. Alitaka kuona kuba moja alilolichora yeye, limejengwa kwa tofali, limefunga juu. Kitu hicho kilipita mikononi mwangu.

Nilirudi kutoka Tanzania nikiwa binti wa miaka kumi na tano. Kiswahili ninacho, Kirundi cha kuombea maji ninacho, Kifaransa sina hata cha kusalimia. Wazazi walikwenda kwenye shamba la ukoo huko Mwakiro, mkoani Muyinga, mimi nikapelekwa kwa shangazi Gitega nisome. Wiki mbili za kwanza nilikaa darasani nikiangalia midomo ya walimu. Siku moja yeye akaacha ubao, akaja mpaka kwenye dawati langu na chaki mkononi.

"We iko Mtanzania?"

"Hapana, Mwalimu. Ni Mrundi."

"Mrundi wa kutoka Tanzania, basi. Kuja nyumbani saa kumi. Hii mambo ya pembetatu haina Kifaransa ndani yake."

Kuanzia siku hiyo hadi nilipomaliza shule nilikuwa nakaa barazani kwake saa kumi jioni. Alinifundisha kwa Kiswahili chake cha mtaani, akichora kwa kijiti mchangani, na dada yake akinipa muhogo. Hakuchukua kitu kwa mtu. Shangazi alipopeleka kuku wa shukrani, alimrudisha na ujumbe kwamba kuku hajui hesabu, atakuja kusumbua darasa. Bila mzee yule ningeacha shule mwezi wa kwanza, na hilo nalijua vizuri kuliko ninavyojua jina la babu yangu.

Wengi Gitega hawamkumbuki kwa hesabu, wanamkumbuka kwa madirisha. Alikuwa na laptopu kuukuu, nene, yenye mkanda wa gundi ubavuni, na ndani yake alikuwa ameandika mwenyewe maagizo ya kuchora matofali ya matundu, yale yanayoingiza hewa na mwanga sebuleni. Alijifunza peke yake, kwa kukosea. Mtu akija kutaka dirisha, Mwalimu hakumwonyesha picha achague. Alimkalisha mbele ya kioo, na pembeni mwa kioo kulikuwa na vijifimbo vya kuvuta kulia na kushoto. Ukivuta hiki, matundu yanakua. Ukivuta kile, yanajipinda. Kingine kinaongeza pembe, tatu, tano, tisa.

"Vuta mwenyewe," alikuwa anasema. "Nyumba iko yako, tundu iko yako. Mi iko na hesabu tu."

Kuna mama mmoja mshonaji alivuta vijifimbo kuanzia baada ya swala ya adhuhuri mpaka waadhini wa alasiri wakamaliza, dada mtu amepita mara nne akiguna, na mwishowe akachagua dirisha lile lile la mwanzo kabisa. Mwalimu akampongeza. Alisema sasa analijua dirisha lake, hakupewa. Kisha alichukua vipimo, akavipeleka kwa fundi wa vibao, na wiki tatu baadaye matofali yakatoka. Ukipita mtaani kwao leo utaona nyumba zilizobanana, rangi moja, milango ya bati aina moja, lakini madirisha yake hayafanani hata mawili.

Yeye mwenyewe aliishi wapi? Kwenye nyumba ya vyumba viwili, mraba mtupu, dirisha la mbao lenye bawaba moja. Mganga hajigangi. Aliyehubiri kwamba kila mtu anastahili umbo lake alivaa koti moja la kahawia mwaka mzima, jua na mvua. Aliyepima nusu ya milimita kwenye kioo alikuwa hajawahi kufika mahali kwa saa aliyoahidi. Ukimwambia saa tatu, dada yake anakunong'oneza, "Sema saa mbili, mwanangu, ndiyo atakuja saa nne."

Kuna mgongano mwingine ndani yake ambao sikuucheka wakati ule wala siucheki sasa. Mwalimu alipenda kusahihisha watu kupita kiasi. Walipokuwa wanapanua msikiti mdogo wa jirani, alikaa na laptopu yake siku nzima, akahesabu kibla, kisha akaenda kuwaambia wazee kwamba kamba yao imekwenda upande. Wazee wakamjibu kwamba Mungu anaangalia moyo.

"Basi kamba mulivuta ya nini?" akawauliza. "Mungevuta moyo."

Hawakumsemesha hadi Ramadhani. Naye akacheka, akasema kuuliza si ujinga na kusahihishwa si matusi. Hayo aliyarudia darasani kila siku. Lakini siku mwenzetu mmoja aliponyoosha kidole na kumwonyesha, kwa heshima zote, kwamba pale ubaoni amesahau kugawa kwa mbili, Mwalimu aliangalia ubao, akafuta kila kitu, akafuta mpaka tarehe, akatoka. Kesho yake alifundisha bila kutuangalia. Keshokutwa hivyo hivyo. Siku ya tatu akaingia anatabasamu, akaandika hesabu ile upya, imegawanywa kwa mbili, akamshukuru yule kijana kwa jina. Darasa zima tulikuwa tumeshajifunza. Hakuna aliyemsahihisha tena mpaka tunamaliza shule.

Madirisha yalimpa sifa, hayakumpa alichotaka. Alitaka makuba. Dirisha, alisema, ni bapa, hata mtu mvivu analiweza. Kuba linajishika lenyewe angani bila nguzo wala boriti, kila tofali likimwegemea mwenzake. Kwenye laptopu alikuwa nayo mengi sana, marefu, ya duara, mengine yamejipinda kama kitambaa kinachokamuliwa. Aliyazungusha kwenye kioo na kuniita nitazame kwa ndani. Juu ya ardhi hakuwa na hata moja. Mfanyabiashara mmoja wa Buraza alimwagiza kuba la ghala, wakafika kwenye ukuta, mke wa tajiri akaona kwenye simu nyumba ya mtu mwingine, wakabadilisha mawazo. Kuba dogo alilojijengea uani kwa ajili ya kuku lilianguka na mvua ya kwanza, akasema kosa ni la udongo, dada yake akasema kosa ni la mwenye kuku.

Halafu ikaja presha ya macho. Kwanza alilalamika kwamba taa za barabarani zina duara kuzunguka, akalichora lile duara na kulipima. Baadaye akaanza kugonga meza kwa bega. Daktari alimwambia kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinafuata njia hiyo hiyo. Hayo alinieleza kwa simu, mimi nikiwa tayari mke wa mtu huko Mwakiro, nalima mahindi na maharagwe, na kiangazi nafyatua matofali na mume wangu kama baba alivyotufundisha.

"Imebaki kidogo," alisema. "Jicho la kushoto iko bado. Mi nataka moja tu. Ikifunga, mi naingia ndani, naangalia juu, basi. Baada ya hapo macho yafunge."

Wakati huo wazazi wa shule yetu ya msingi walikuwa wanachangishana nguvu kujenga chumba cha kusomea. Mawe yapo, udongo upo, mikono ipo. Mimi ndiye niliyesimama kwenye mkutano nikasema ninamjua mtu. Mimi, si mwingine.

Alikuja Muyinga kwa gari la abiria, akachelewa siku mbili kwa sababu mafuta yalikuwa hayapatikani, na kwa mara ya kwanza maishani hakulaumiwa kwa kuchelewa. Wazee wakakaa kwenye madawati ya watoto. Akawaeleza kwamba watoto wanatoka vilima saba, basi kuba litakuwa na migongo saba, kama boga, kila kilima mgongo wake. Akawasha laptopu, akawaita wavute vijifimbo. Kulikuwa na vurugu siku ile! Mzee wa kilima cha juu akavuta mgongo wake ukanenepa, wa jirani akasema watoto wao ni wengi zaidi, naye akavuta. Kuba likawa limepinda upande kama mtu aliyebeba ndoo. Mwalimu hakumzuia mtu. Alingoja wachoke, uso ameusogeza kwenye kioo kiasi cha kiganja kimoja, kisha akasema, "Bon. Sasa iko yenu. Mi nitafanya isimame." Akakaa kwangu siku tisa akihesabu, na likasimama. Mgongo wa kilima cha juu ulibaki mnene kidogo, na mwenyewe akawa anapita akiwaonyesha watu kwenye karatasi.

Kwa vile migongo haikulingana, hakuna tofali lililofanana na jingine. Yalikuwa zaidi ya elfu moja, yamepangwa kwa kozi ishirini na mbili, yaani safu ishirini na mbili kutoka ukutani hadi kileleni. Mwalimu alibuni kibao cha kufyatulia chenye kuta zinazosogea kwa skrubu. Karatasi inakupa namba nne, unasogeza kuta nne, unafyatua tofali moja, unachora namba yake kwa msumari, unasogeza tena. Udongo ukikauka na kuchomwa hupungua, na hilo alilijua, alikuwa amelipima Gitega na kuliongeza kwenye kila namba. Tulianza na yale madogo ya juu kwa sababu ndiyo mepesi kujifunzia. Miezi miwili mume wangu, mimi na wanawake wanne tuligeuka watu wa skrubu. Jirani zetu wakatucheka kwamba tunashona nguo za matofali.

Sasa nifike pale.

Kule Gitega Mwalimu alichomea matofali yake ya kupimia kwenye tanuri dogo la mfinyanzi, lenye moto unaoenea. Sisi Mwakiro tunachoma kwa kurundika. Matofali yenyewe ndiyo tanuri, chini tunaacha midomo ya kuingizia kuni, tunapaka tope nje, tunawasha. Matofali yaliyo karibu na midomo huungua kuliko mengine, yanakuwa meusi na mafupi. Mtoto wa miaka saba kwetu anajua hilo. Tunayaita ya mdomoni, tunayatenga, tunajengea msingi wa choo. Hayana hasara, maana tofali moja ni sawa na jingine, likiharibika hili unachukua lile. Lakini ya Mwalimu hayakuwa na lile. Kila moja lilikuwa na mahali pake pamoja tu duniani.

Siku tunapanga tanuri alisimama kando, mkono begani kwa mume wangu, akageukia upande niliopo, pembeni kidogo, akakosa uso wangu.

"We ndiye mwenye kuchoma. Mi iko nauliza: kuna kitu nimesahau?"

Nilikuwa nimeshika tofali la kozi ya kumi na mbili, nalipeleka mdomoni mwa tanuri, kwa sababu yale madogo yalikauka kwanza na kilichokauka kwanza kwetu huingia kwanza. Nilijua. Sikuwaza baadaye, sikugundua baadaye. Nilijua pale pale, na nikamwona akifuta ubao mpaka tarehe. Nikasema moyoni mtu aliyehesabu migongo saba atakuwa amehesabu na moto. Mwanafunzi atamsahihisha mwalimu wake mbele ya watu, tena mwalimu anayekaribia kupofuka, tena katika kazi yake ya mwisho?

"Hapana, Mwalimu," nikasema. "Hujasahau kitu."

Akatabasamu. Tukawasha.

Matofali ya kozi za chini yalikuwa yamepangwa juu kwenye tanuri, yakaiva vizuri, na kozi za kwanza zilikwenda kwa raha. Mjenzi wetu, rafiki wa marehemu baba, alifunga kamba kwenye msumari katikati ya sakafu, na kila tofali lilipimwa kwa kamba hiyo. Mwalimu alikuwepo mpaka kozi ya sita. Alikuwa anapitisha kiganja kwenye ukuta kuanzia mgongo mmoja hadi mwingine, midomo inatembea, na alipofika mwanzo alicheka peke yake. Siwezi kusema alikuwa anaona nini. Kisha jicho la kushoto likaanza kumuuma vibaya, anatapika kwa maumivu, ikabidi arudishwe hospitali Gitega. Akiwa mlangoni mwa gari alinishika vidole.

"We utafunga. Ikifunga unaniita, nitakuja hata na tochi."

Kozi ya kumi tukaanza kukutana na ya mdomoni. Kwenye safu moja hili fupi, linalofuata la kawaida, linalofuata fupi. Mjenzi akajaza tope kwenye nafasi. Kozi ya kumi na moja akajaza zaidi. Kamba ya katikati ikawa inasema hivi na tofali linasema vile. Ya kumi na tatu ililala ndani kuliko ilivyotakiwa. Tulipoweka ya kumi na nne, mchana kweupe, matofali manne yakachomoka na kuanguka sakafuni, na mjenzi akashuka kwenye ngazi, akanawa mikono. Kunawa kule nilikuelewa.

"Mama," akaniambia, "kama yangekuwa yamepungua yote sawa, tungeshusha ukuta tukapata kuba dogo. Lakini hili na hili hawasikilizani. Halifungi. Litaua mtoto."

Nilimwomba. Nikasema tuchome mengine. Mwenyekiti wa wazazi akauliza, ukuta ukiwa umeshahama kwenye hesabu na mzee yuko hospitali, namba mpya nani atazihesabu, na mimi nikaifungua ile karatasi na kuikodolea macho mpaka mistari ikachezacheza. Ninajua pembetatu. Sijui migongo saba. Mvua ilikuwa inanukia. Wakabomoa mpaka kwenye ukuta, wakaezeka kwa mabati kama kila nyumba. Matofali yenye namba wanawake waligawana, lakini kwa vile hayalingani hata kwenye jiko hayakai sawa, yanayumbisha sufuria.

Alipiga simu siku ile ile mafundi wanagonga misumari. Nilikwenda nyuma ya shule ili asisikie.

"Imefunga?"

Ningekuwa na muda wa kufikiri ningesema kweli, nadhani. Au pia nisingesema.

"Imefunga, Mwalimu."

Nilisikia analia. Kisha dada yake akachukua simu, anacheka na kulia pamoja, ananiombea dua hadi salio likaisha. Wiki ile mtaani kwao walipika pilau, wakasoma dua, wazee wale wale wa msikiti walikuja wakampa mkono. Waliomba picha. Nikasema simu yangu imekufa kamera. Wakaomba tena, nikasema mvua. Mwalimu mwenyewe akawaambia waniache, maana hata wakiletewa picha yeye haitamfaa, na kwamba mtoto aliyemfundisha yeye hana uongo. Maneno hayo dada yake alinifikishia kama zawadi.

Nilikaa miezi nikiwa sina usingizi wala hamu ya chakula. Nilipopita shuleni niliangalia chini. Mume wangu alisema maji yakimwagika hayazoleki, mwache mzee na furaha yake, na labda alikuwa na haki. Lakini furaha ile nilikuwa nimeitengeneza mimi, kwa tope, na nilijua vile nilivyojaza nafasi.

Halafu dada yake akapiga. "Macho imekwisha yote, mwanangu. Anakuulizia kila saa."

Nilimkuta uani, kwenye kiti, na koti lake la kahawia limemzidi. Alikuwa amekonda shingo. Nilipomwamkia alinyoosha mikono yote miwili hewani mpaka nikajiweka katikati yake. Dada yake akaleta chai, akatuacha kwa heshima, kama watu wenye mambo makubwa.

Njia nzima kutoka Muyinga nilikuwa nimeandaa uongo, na niseme ukweli, niliuandaa vizuri. Aliniuliza mgongo mnene wa kilima cha juu umetokaje, nikasema wenyewe wanajivunia. Aliniuliza tofali la kileleni nani aliliweka, nikasema mjenzi, na wanawake walipiga vigelegele. Aliniuliza mwanga wa saa sita unaangukia wapi, nikamwambia katikati, pale kwenye msumari. Kila jibu aliitikia "ego, ego", ndiyo ya Kirundi, kwa sauti ndogo, akinibana vidole. Nilikuwa nakaribia kuamini mwenyewe.

Kisha akatosheka. Akaegemea kiti, akaanza kuuliza mambo ya kawaida tu, mume wangu, mahindi, mvua.

"Huko kwenu mwaka huu iko inanyesha?"

"Inanyesha hasa, Mwalimu. Juzi darasa zima la asubuhi limepotea. Watoto wamekaa tu kwenye kile chumba, mwalimu anapiga kelele, hakuna anayemsikia, mpaka ilipo..."

Nikanyamaza. Nilinyamaza nikiwa nimechelewa, kwa kuwa tofali nene halipigi kelele mvua ikinyesha, na hakuna Mrundi aliyekaa darasani asiyejua ni kitu gani kinachopiga.

Mkono wake ulikuwa bado juu ya wangu. Aliuondoa taratibu, akaurudisha gotini.

"Bati," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mulifika kozi ya ngapi?"

"Ya kumi na nne."

Hakuuliza kwa nini. Nikamwambia mwenyewe. Nikamweleza midomo ya tanuri, matofali meusi, tofali la kozi ya kumi na mbili nililokuwa nimelishika mkononi aliponiuliza. Nikamwambia nilijua kabla hatujawasha. Nilitaka anitukane, anipige hata kwa fimbo yake. Jua lilikuwa limefika miguuni mwake na nzi ametua kwenye chai, na yeye amegeuza uso palipo sauti yangu, sawasawa safari hii.

"Kwa nini haukusema?"

"Niliogopa utakasirika."

Akafikiri. Alifikiri muda mrefu, kama ninavyomkumbuka akifikiri mbele ya hesabu, kichwa kimelala upande.

"Ningekasirika," akasema. "Siku mbili hivi. Alafu ningebadilisha namba."

Akavuta koti, akageukia ukuta.

Dada yake aliponikuta nalia jikoni nilimwambia yote. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi, mikono kichwani, akashtuka kwa Kirundi, "Yampaye inka, na pilau tulipika." Halafu akanipa nyanya nikate. "Kaa hapa," akasema. "Mi namjua. Iko siku mbili tu, ataongea."

Nikakaa. Nilimpelekea chai, akanywa. Nilimpelekea chapati, akaila bapa, bila kuikunja. Nikampa salamu za asubuhi na za jioni, nikamsomea gazeti, nikamfulia koti. Siku mbili zikapita. Siku ya tatu nilioga mapema, nikavaa kitenge safi, nikakaa mbele yake kungoja, na dada yake akawa anachungulia mlangoni. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita. Siku ya nne simu ikaja kutoka nyumbani kwamba mtoto wangu ana homa.

Nilimuaga nikiwa nimepiga magoti, nikasema mimi ni nani na ninakwenda wapi, kana kwamba hajui. Alikuwa macho, anasikia, kidole kinatembea juu ya goti. Gari la Muyinga liliondoka saa nne, na mpaka linaondoka alikuwa hajasema neno.